Hewa ya Chumba cha Nyuma

Arusha, 2 Septemba 1996

Dada Marsiana,

Shikamoo. Sisi wote wazima, isipokuwa mafua ya baridi ambayo yamezunguka nyumba nzima na sasa yamerudi kwa aliyeanza. Wifi yako Jovitha anakusalimu. Anasema mbegu za maharage ulizompa zimeota zote, hata zile alizozimwaga kwa bahati mbaya karibu na choo. Mtoto wetu wa mwisho ameanza chekechea. Siku ya kwanza alirudi akasema haendi tena, ameshasoma.

Barua hii anakuletea Eufrazia wa shangazi, anayerudi kutoka semina ya walimu. Pamoja nayo kuna mfuko wenye vikombe vitatu vyeusi vya plastiki, vina vifuniko vyenye matundu. Usivifungue. Ndani kuna kipande cha plastiki kisichozidi ukucha, na hicho ndicho kinachofanya kazi.

Kuna gesi inayotoka ardhini, inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inatokana na urani kidogo iliyomo katika mawe na udongo karibu kila mahali. Ikitokea nje, upepo unaichukua. Ikitokea ndani ya nyumba iliyojifunga, inakaa. Mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Maabara yetu inataka kupima nyumba ishirini za vijijini, hasa zilizochimbwa kwenye kilima. Mkuu wangu alipouliza kama kuna anayeijua nyumba ya namna hiyo, nilijibu kabla hajamaliza swali.

Unajua ninaifikiria ipi. Chumba cha nyuma alichokichimba baba kwenye mteremko, kisicho na dirisha, chenye shimo la kuivishia ndizi sakafuni ili mvua isiliingie. Nililala humo miaka kumi na minne. Nakumbuka kuta zilivyokuwa na ubaridi wa mnyama aliyelowa, na jinsi nilivyoamini, nikiwa nusu nimelala, kwamba kilima kinavuta pumzi pamoja na mimi. Baba alikufa kwa kifua na hakuwahi kuvuta tumbaku. Sisemi hii ndiyo sababu. Nasema sijui, na chombo cha kujulia kipo.

Kimoja kitundike chumbani kwako. Viwili vitundike chumba cha nyuma: kimoja ukutani karibu na mlango, kingine karibu na kichwa cha anayelala. Siku tisini. Kuna na fomu: majina ya wanaolala kila chumba, umri, na kama ni wakazi.

Pancras


Nyakahura, 29 Septemba 1996

Pancras mdogo wangu,

Marahaba. Eufrazia alifika salama, amenenepa, semina zinawafaa walimu. Mjukuu wa Mwanza amebatizwa. Mpwa wako Projestus ameleta picha, mtoto ana paji la uso la baba yetu, masikini. Mvua za vuli zimeanza kwa kujaribu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka kilimani unakaa juu ya barabara, na magari ya chakula ya kwenda kambi ya Benaco yanapita ndani yake bila miili, taa tu.

Nimetundika vikombe Jumapili tarehe 22, baada ya misa. Evarista jirani yangu alikuja kuangalia.

"Ni mtego wa mbu?"

"Ni wa kupima hewa."

"Ukishaipima?"

"Pancras anaihesabu huko Arusha."

"Basi mwambie na ya kwangu aje aihesabu, mume wangu anaimaliza kwa kukoroma."

Balozi wa nyumba kumi naye alipita. Siku hizi ni Bulugu, yule Msukuma wa ng'ombe aliyehamia juu ya kisima. Alikitazama cha chumbani kwangu muda mrefu, akauliza kama kinaongea na mtu. Nikasema hapana. Akasema vizuri.

Fomu nimejaza chumba changu: mimi, miaka hamsini na sita, mkazi. Chumba cha nyuma nimeacha wazi. Nina mgeni tangu Juni. Anaitwa Odeta, ni mtu mzima wa umri wangu. Alikuja sokoni kuuza vikapu, akaanguka kwa homa mbele ya meza yangu ya ndizi, nikamleta nyumbani kupumzika. Bado anapumzika. Kwenye fomu simwandiki. Kikombe cha pili kiko karibu na kichwa chake kama ulivyosema.

Marsiana


Arusha, 21 Oktoba 1996

Dada,

Shikamoo. Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Muhuri unaonyesha kumi na moja kati ya hizo ilikaa Mwanza. Sisi wazima. Jovitha amepata cherehani ya pili, na nyumba inanguruma kama kiwanda.

Fomu isiyo na jina maabara wanaweza kuivumilia. Mimi nina maswali mengine. Mgeni wako ametoka Benaco? Ana kibali cha kuwa nje ya kambi? Unajua alitoka na nini huko kwao? Sisemi ni mtu mbaya. Nasema watu robo milioni walivuka mto ule kutoka Rwanda kwa siku chache, na waliovuka hawakuwa wa aina moja.

Jambo la pili ni la kazi. Bila kusubiri majibu, chumba kile kinahitaji tundu. Toboa ukuta wa upande, chini ya paa, upana wa matofali mawili, na chini ya mlango acha nafasi ya vidole vitatu. Hewa iingie huku, itoke kule. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye jembe.

Pancras


Nyakahura, 17 Novemba 1996

Pancras,

Marahaba. Nimemaliza kupanda. Mbuzi wa Evarista amezaa mapacha, mmoja mweupe kabisa. Watu wanakuja kumtazama kama askofu.

Umeuliza Odeta alitoka na nini kwao. Alitoka na sufuria. Mume wake, Bizimana, alifia njiani kabla ya daraja, na mtoto wake wa kiume walipotezana siku hiyo hiyo. Mengine hajasema, nami sijamuuliza. Kihangaza chetu na lugha yao vinakaribiana, kwa hiyo kama angetaka kusema, maneno yapo.

Anachosema ni ndoto. Kila asubuhi tukimenya ndizi ananihadithia aliyoiota, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Juzi aliota mto unapanda kilima kutoka bondeni, maji yakiwa yametulia kama maziwa, yakapita mlangoni kwetu bila kuingia. Jana aliota yuko shambani kwao anapalilia, na kila jani analoligusa lina joto la mkono. Hazinitishi. Nimeanza kuzisubiri. Siku ambayo hana ndoto, chai inakuwa haina ladha.

Kuhusu tundu: hapana. Chumba kile kinamfaa kwa sababu ya hicho hicho unachokilalamikia. Hakina dirisha. Mtu akipita njiani anaona nyumba ya mjane mmoja. Bulugu ametangaza mkutanoni kwamba mwenye kuhifadhi wakimbizi nje ya kambi atajibu. Wewe unasema hewa ile inadhuru kwa miaka. Askari wanakuja kwa lori.

Jovitha amemwandikia Projestus kwamba unakohoa. Mimi hukuniambia.

Marsiana


Arusha, 9 Desemba 1996

Dada,

Shikamoo. Nakohoa vumbi la Arusha, kama kila mtu hapa.

Nimesikia redioni tangazo kwamba wakimbizi wa Rwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Siandiki zaidi ya hapo katika barua ya posta, nawe usiandike. Siku tisini zinaisha tarehe 21. Vikombe vitoe siku hiyo, vitie kwenye mifuko yake, funga, andika tarehe. Kama kuna shida, niandikie hata mstari mmoja wa salamu, nitaelewa.

Pancras


Nyakahura, 12 Januari 1997

Pancras,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikuwa kimya. Padri alisoma misa kwa watu wachache. Mjukuu ameota jino.

Siku zile za katikati ya Desemba barabara ilijaa. Kwanza watu walikuja wakielekea huku kwetu, mashariki, na mizigo kichwani. Siku ya tatu walikuwa wanapita tena wakirudi walikotoka, na askari pembeni. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyosikika. Nilikaa migombani nikitazama, na baada ya muda sikuona tena watu, niliona barabara yenyewe imeinuka inatembea, ina magodoro na kuku na vitoto. Hakukuwa na kelele. Ulisikia miguu tu, kama mtu anayepepeta mtama nyumba ya mbali. Walipokwisha, barabara ilibaki imelala pale pale, nikashangaa kwamba haijaenda.

Vikombe nimevitoa tarehe 5 Januari badala ya tarehe uliyosema. Kulikuwa na shughuli. Nimeviweka kwenye mifuko na kuandika. Padri anavipeleka Mwanza, kutoka huko vitakuja kwa basi.

Maharage yamestawi upande wa juu. Wa chini yameoza.

Marsiana


Arusha, 17 Februari 1997

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Hukumtaja mgeni hata mara moja, na sikujua nifurahi au nihuzunike. Jovitha na watoto wazima.

Vikombe vilifika vikiwa vizima. Kile kipande cha plastiki tunakichovya kwenye dawa, kisha tunakitazama kwa hadubini. Kila chembe ya radoni iliyokigonga imeacha kitobo kidogo. Tunahesabu vitobo. Ukivitazama kwa muda mrefu vinafanana na mvua iliyoanguka juu ya vumbi halafu ikaacha.

Majibu ni haya, kwa siku mia moja na tano. Kipimo chake kinaitwa bekereli kwa mita ya ujazo. Vitabu vyetu vinasema ikizidi mia mbili uanze kufikiri, ikizidi mia sita uchukue hatua. Chumba chako: 85. Hakina neno. Chumba cha nyuma, kikombe cha mlangoni: 410. Kile cha karibu na kichwa: 1,470.

Sasa nisikilize. Kutoka mlango ule hadi kitandani ni hatua nne. Nimezihesabu utotoni gizani. Hewa ya chumba kidogo kilichofungwa inachanganyika. Vikombe viwili haviwezi kupishana zaidi ya mara tatu ndani ya chumba kimoja. Kimoja hakikukaa mahali pake.

Na kuna utaratibu. Nyumba yoyote inayozidi elfu moja, timu inakwenda kupima upya: watu watatu, gari la serikali, na mtendaji wa kata. Wanaingia kila chumba. Wanamwandika kila anayelala humo. Safari yao ya Kagera ni Mei. Namba hii bado sijaiingiza kwenye rejista. Mkuu wangu anaitaka mwisho wa Aprili.

Kikombe kilikuwa wapi?

Pancras


Nyakahura, 9 Machi 1997

Pancras mdogo wangu mpenzi,

Marahaba sana. Tumshukuru Mungu tumeamka salama. Evarista anakusalimu, na mume wake, na mbuzi mweupe ambaye sasa ana pembe. Masika yameanza vizuri. Paa la kanisa limevuja upande wa kwaya, kwa hiyo sauti ya kwanza wanaimba wamefunika vichwa kwa khanga. Shangazi amepata miwani, amegundua kwamba ukuta wake ni wa kijani. Projestus anasema atakuja Agosti. Bei ya chumvi imepanda. Ng'ombe wawili wa Bulugu walipotea wakaonekana Nemba, wamejiunga na kundi la mtu mwingine bila aibu.

Kikombe kilikuwa kwenye shimo la ndizi. Andika hivyo.

Marsiana


Arusha, 24 Machi 1997

Dada,

Shikamoo.

Kikombe kikikaa shimoni, namba yake ni ya shimo, si ya chumba. Inafutwa, na timu haiji. Nadhani hilo ulilijua ulipoandika. Wewe ni mtoto wa baba yetu.

Lakini nimekitoa tena kabatini na kukinusa. Ndizi zinazoivishwa shimoni zinavuja, zinanuka, zinaacha utomvu mweusi usiotoka hata kwa sabuni. Nguo zangu zote za utoto zilikuwa nao. Kikombe hiki kimetakata. Kina vumbi la udongo na unyasi mmoja mkavu. Isitoshe, hujaivisha ndizi za pombe tangu shemeji afariki.

Kwa hiyo naona njia mbili. Ama ulisema uongo ili timu isije, na kikombe kilikuwa kichwani pa mtu muda wote, ndipo mtu huyo anavuta hewa mbaya sana kila siku na mimi nikifuta namba nitakuwa nimemwacha humo. Ama kuna jambo jingine ambalo siwezi kulihesabu. Nikiandika, namfichua. Nikifuta, namfunika humo ndani.

Eufrazia anakuja huku baada ya Pasaka. Mpe barua mkononi. Niambie kweli yote. Bila hiyo sijui la kuandika.

Pancras


Nyakahura, 6 Aprili 1997

Pancras,

Marahaba. Hii inakuja kwa mkono wa Eufrazia, na ukishaisoma itie jikoni.

Sikusema uongo. Kikombe kilikuwa kwenye shimo la ndizi. Ndizi ndizo hazikuwemo.

Tarehe 13 Desemba, watu walipokuwa barabarani, nilimwambia Odeta ashuke shimoni. Nilitandika majani makavu ya migomba na nyasi, nikampa blanketi na kibuyu cha maji. Yeye mwenyewe alichukua kikombe kutoka kwenye msumari. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Ndugu yako ameandika kikae karibu na kichwa cha anayelala. Mimi nalala huku." Akakichomeka kwenye kijiti ukutani mwa shimo, upande wa kichwa. Mimi niliona ni sawa. Maagizo yalisema kichwa, hayakusema chumba. Juu nikapanga mbao za baba, juu ya mbao majani, na udongo kidogo kando, kama shimo lililofukiwa jana.

Tarehe 16 Bulugu alikuja na askari wawili. Askari walitazama chumba changu na jiko. Bulugu akaingia nyuma, akasimama juu ya mbao.

"Hapa chini kuna nini, Mama Projestus?"

"Ndizi."

"Zimeiva?"

"Bado."

"Mbona hazinuki?"

"Zimeingia jana."

Akahamisha mguu. Nilikuwa nasikia mbao zikilia chini ya raba zake. Akasema, "Kwa baridi hii ya mvua zitachelewa," akatoka, akawaambia askari humo mna pombe ya kanisa. Bulugu ni mtu wa ng'ombe. Mambo ya ndizi hayajui, au alijifanya hayajui.

Odeta alikaa shimoni mpaka tarehe 5 Januari. Kila jioni alitoka kula na kunyoosha miguu, akarudi. Nilipomwambia sasa basi, alisema humo aliota vizuri kuliko mahali popote tangu avuke mto. Aliota amelala ndani ya mkate ukiwa tanurini, na watu wote anaowajua wamekaa nje wakisubiri uive. Lakini tangu atoke, anapumua kama mtu aliyepanda kilima. Labda ni majani yenye ukungu. Labda ni ile hewa yako. Anakaa tena chumba cha nyuma. Ninamsikia kupitia ukutani.

Nimekuambia yangu. Niambie na wewe kwa nini mtu mwenye nyumba za Arusha nzima alikimbilia kupima chumba alicholala yeye.

Marsiana


Arusha, 20 Aprili 1997

Dada,

Shikamoo. Jovitha aliichoma barua yako akachemshia chai. Eufrazia yupo, anaagiza kila kitu.

Nimepiga hesabu. Kikombe kilikaa chumbani siku themanini na mbili na shimoni siku ishirini na tatu. Chumba ni 410, cha mlangoni kinathibitisha. Ili wastani ufike 1,470, shimo lazima liwe karibu elfu tano mia mbili na hamsini. Sijawahi kuhesabu kubwa hivyo katika nyumba ya mtu.

Mwambie Odeta hivi, kwa maneno haya haya. Radoni haimfanyi mtu ahangaike kupumua kwa wiki tatu. Kazi yake ni ya miaka, na siku ishirini na tatu si miaka. Kupumua kwake kwa shida ni ukungu wa majani, au baridi, au kifua cha zamani. Mpelekeni zahanati ya misheni, hawaulizi karatasi. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo 410, kwa sababu hiyo ndiyo anayoivuta kila siku, na ndiyo niliyoivuta mimi, na labda baba. Shimo lifukieni mpaka juu. Msilifunike kwa mbao, lifukieni na kushindilia. Na tundu litobolewe. Sasa si ushauri wa barua ya Oktoba. Nakuomba.

Kwenye rejista nimeandika: "Kikombe cha pili kilihamishwa na wenye nyumba kwenda kwenye shimo la ndizi kwa siku 23. Kimefutwa. Kikombe cha kwanza: 410. Wenye nyumba wameshauriwa kuongeza hewa." Kila neno ni kweli. Mkuu wangu alicheka kuhusu ndizi, akatia saini. Timu haiji.

Na yangu. Juni mwaka jana nilikohoa damu. Nimepigwa picha ya kifua mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na doa. Ya pili daktari anasema hana hakika kama bado lipo, anataka ya tatu Julai. Vikombe niliviomba wiki ile ile ya damu, mkuu wangu alipouliza. Sikukuandikia kwa sababu ungepanda basi, na wakati ule, kumbe, ulikuwa na mtu wa kuhudumia.

Pancras


Nyakahura, 18 Mei 1997

Pancras mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako karibu wiki tatu kabla ya kuijibu. Julai nitakuwa huko. Usiniandikie nisije.

Odeta alilifukia shimo mwenyewe, siku tatu, kwa karai, udongo akiutoa juu ya shamba. Hakutaka nimsaidie. Kila tabaka alilikanyaga huku na huko kwa miguu mitupu, mikono mgongoni. Zahanati walimpa dawa ya maji na vidonge, na sasa kilima anakipanda akiongea.

Tundu mimi nilitaka litobolewe upande wa migomba, juu, mahali ambapo haonekani mtu. Nikaenda sokoni. Niliporudi nilikuta ametoboa upande wa njia, chini, usawa wa kitanda, upana wa matofali manne. Udongo umemjaa nywele. Nikamwambia, wewe umerukwa na akili, watu wanapita hapa. Akasema, "Nataka kumwona anayekuja." Nikakasirika, sikumpa chakula. Baadaye nikampa.

Siku ya nne Bulugu alipita na ng'ombe wake. Odeta alikuwa amekaa ndani ya tundu lile anasuka kikapu, kichwa na mabega nje, kama mtu aliye dukani. Mimi nilikuwa napalilia kando. Bulugu akasimama. Ng'ombe wakatangulia, hakuwaita. Alimtazama Odeta, naye Odeta akamtazama.

"Habari za leo, mama," Bulugu akasema.

"Nzuri," Odeta akajibu. Kiswahili chake hakizidi hapo sana.

Kisha akanigeukia mimi. "Mama Projestus, dirisha hili mmeliweka upande wa mvua."

"Tumeshatoboa."

"Mtalowa." Akafuata ng'ombe wake. Hiyo ni wiki ya pili sasa. Hajarudi, wala hakuna aliyekuja. Huenda akaja kesho. Sikufichi kwamba kila lori likipunguza mwendo pale njia panda, naacha ninachofanya.

Juzi ilinyesha ile mvua ya mwisho ya masika, ya upepo, na ikaingia kwa Odeta kama Bulugu alivyosema. Asubuhi nilikuta blanketi limelowa mpaka katikati, mto wa kichwani umelowa, sakafuni maji. Yeye anachemsha chai, nywele zinachuruzika. Nikamuuliza ameota nini. Akafikiri, akasema hakuota kitu. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukuhama, hukuona mvua?

Akasema hakuiona. Alikuwa amelala.

Marsiana